Njia ya Wamormoni, ya Oregon au ya California: Ufuate Ipi?

Karibu na mji mdogo wa Guernsey, mashariki mwa jimbo la Wyoming, kuna jiwe la mchanga lililoliwa na magurudumu. Mahali pengine mitaro yake ina kina cha mita moja na nusu. Magari ya mbao yaliyokokotwa na maksai yalipita hapo miaka nenda miaka rudi katikati ya karne ya 19, na ukiitazama mitaro hiyo huwezi kutenganisha gurudumu la mkulima aliyekuwa akienda Oregon na la mtafuta dhahabu wa California, wala la familia ya Kimormoni iliyokuwa ikielekea bonde la Salt Lake, katika Utah ya leo. Kwa zaidi ya kilomita 1,000, kufuata mto Platte na kupanda hadi South Pass, pito la milima ya Rocky, njia zote tatu zilikuwa karibu kitu kimoja.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wapo wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Omaha, Boise, Salt Lake City na Portland, miji iliyokaa juu kabisa ya njia hizi au jirani nazo, ambao wana likizo moja ya kiangazi na gari moja. Wapo pia wanafunzi na wapenda historia walioko mbali ambao hawatafika huko ila wanataka kujua waanzie wapi kusoma. Kwa wote swali ni lile lile: ukiwa na nafasi ya njia moja tu, uchukue ipi?

Nimezipima kwa mambo matano: kilichowatoa watu makwao, safari yenyewe ilivyokuwa, wenyeji asilia na watu Weusi walipataje, kipi kimebaki cha kuona na kusoma, na mwisho muda na gharama. La tatu nalipa uzito mkubwa, kwa sababu ndilo linalorukwa mara nyingi kwenye vibao vya barabarani, na msomaji anayetoka Afrika atalitafuta bila kuambiwa.

Kilichowatoa makwao

Wamormoni walifukuzwa. Kanisa lao, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilianzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 katika jimbo la New York, na kila lilipotia mizizi lilizusha uhasama: mafundisho mapya, kura zilizopigwa kwa pamoja, baadaye na uvumi wa ndoa za mitala ambao ulikuwa na ukweli ndani yake. Oktoba 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri ya maandishi kwamba Wamormoni waangamizwe au waondolewe jimboni. Wakavuka kwenda Illinois, wakajenga mji wa Nauvoo kando ya mto Mississippi. Tarehe 27 Juni 1844 kundi la watu wenye silaha likavamia jela ya Carthage na kumuua Smith pamoja na kaka yake Hyrum. Februari 1846, wakiongozwa na Brigham Young, waumini wakaanza kuvuka mto katikati ya baridi. Bonde walilolichagua lilikuwa bado ardhi ya Meksiko, nje ya Marekani iliyowafukuza. Baadaye wakaja waongofu kutoka Uingereza na Skandinavia, wengi kwa meli kutoka Liverpool, na kufikia 1869 watu wapatao 70,000 walikuwa wameipita njia hiyo.

Waliokwenda Oregon walifuata ardhi. Uchumi ulikuwa umeporomoka mwaka 1837, mazao hayakuwa na bei, homa za vipindi ziliwasumbua watu wa mabonde ya Mississippi na Missouri, na habari za udongo wa bonde la Willamette zilikuwa zimeenea. Msafara mkubwa wa kwanza, wa watu wapatao 1,000, ulitoka mwaka 1843. Sheria ya 1850 ikaongeza kasi: mwanamume Mweupe asiye na mke alipewa ekari 320 bure, na mume na mke ekari 640.

California mambo yaligeuka kwa siku moja. Kabla ya tarehe 24 Januari 1848, James Marshall alipookota dhahabu kwenye mfereji wa kiwanda cha kupasulia mbao cha Sutter huko Coloma, wahamiaji waliokwenda huko kwa nchi kavu walikuwa wachache. Mwaka 1849 walizidi 20,000, wengi wao wanaume wenye nia ya kuchuma na kurudi nyumbani.

Hapa pana fundo linalozifunga njia hizi pamoja, na mimi hulipenda. Miongoni mwa vibarua wa kiwanda kile walikuwamo Wamormoni. Mwaka 1846 wanaume wao wapatao 500 walikuwa wamejiandikisha katika jeshi la Marekani kwa vita dhidi ya Meksiko, wakatembea hadi pwani ya Pasifiki, wakaachiwa huko. Waliishuhudia dhahabu kwa macho yao. Kisha kiangazi cha 1848 wengi wao waliiacha, wakafungua barabara juu ya milima ya Sierra Nevada kupitia Carson Pass, wakaenda mashariki kuzitafuta familia zao Utah. Mwaka uliofuata maelfu ya watafuta dhahabu waliitumia barabara hiyo hiyo kwa upande wa pili.

Safari yenyewe

Mengi yalifanana. Gari lilijazwa unga, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, maharagwe na zana, hivyo wenye miguu mizima walitembea. Siku njema msafara ulikwenda kilomita 24 hivi. Mahali pasipo na kuni walipikia kinyesi kikavu cha nyati. Muuaji mkubwa alikuwa kipindupindu, hasa kuanzia 1849, akifuatwa na ajali: bunduki iliyofyatuka, mtoto aliyekanyagwa na gurudumu, mtu aliyezama akivuka mto. Mashambulizi ya wenyeji yamekuzwa mno. Kati ya 1840 na 1860 wahamiaji waliouawa na wenyeji hawakufika 400, na wenyeji waliouawa na wahamiaji walikuwa wengi zaidi ya hao.

Tofauti inaonekana unapotazama nani alisafiri na nani. Kwenda Oregon, familia zilikodi mtu anayeijua njia, zikachagua kapteni, zikagombana, zikagawanyika njiani. Ilikuwa safari ya wenye uwezo kiasi, maana magari, maksai na chakula viligharimu dola mia kadhaa. Ugumu wake ulikuwa mwishoni: baada ya miezi mitano au sita, maksai wakiwa mifupa, ndipo walipokutana na mto Columbia. Hapo walichagua kuteremsha mali kwa maboya kwenye maji makali au, kuanzia 1846, kulipa ushuru na kupita barabara ya Barlow kuuzunguka mlima Hood.

California iliadhibu kwa kiu. Mto Humboldt hukatiza Nevada na kupotelea mchangani, na kuanzia hapo kulikuwa na jangwa la kilomita 64 bila maji ya kunywa, lililovukwa usiku na kuachwa limejaa mizoga na magari. Nyuma yake ilisubiri Sierra Nevada. Msafara wa Donner, watu 87, ulidanganywa na njia ya mkato mwaka 1846, ukatumia wiki za thamani kukata barabara kwenye milima ya Wasatch, ukakwama kwenye theluji ya Sierra kuanzia mwanzoni mwa Novemba. Karibu nusu walikufa, na baadhi ya walionusurika walikula maiti. Barabara waliyoikata kwa jasho huko Wasatch ndiyo Wamormoni waliyoipita mwaka uliofuata kuingia bondeni.

Wamormoni walihama kama mji mzima, na hilo ndilo linaloifanya njia yao iwe ya peke yake. Wa kwanza kuvuka Iowa mwaka 1846 walikwama kwenye tope kwa miezi, lakini walipiga kambi Garden Grove na Mount Pisgah, wakalima na kupanda mazao ambayo hawangeyavuna wao. Yalikuwa ya watakaofuata nyuma. Walikaa kipupwe mahali walipopaita Winter Quarters, leo ni mtaa wa Florence ndani ya Omaha, na mamia walikufa huko kwa utapiamlo na magonjwa. Aprili 1847 kundi la kwanza la watu 148 likaondoka: wanaume 143, wanawake 3, watoto 2, wakigawanywa chini ya wakuu wa makumi, wa hamsini na wa mamia, kwa mfano wa Waisraeli jangwani. William Clayton, aliyechoka kuhesabu mizunguko ya gurudumu kwa macho, alisaidia kupatikana kwa kifaa cha mbao cha kupimia umbali, na vipimo vyake vikawa kitabu cha mwongozo kwa wengine. Brigham Young aliingia bondeni tarehe 24 Julai. Mwaka 1849 wakaanzisha mfuko wa kuwakopesha maskini nauli, warudishe wakishajiweza.

Mfuko ulipokauka walikuja na wazo la mikokoteni. Ilikuwa ya mbao, magurudumu mawili, mti wa kuvutia mbele, haina tofauti kubwa na ile inayobeba magunia Kariakoo. Kati ya 1856 na 1860 watu wapatao 3,000, katika misafara kumi, waliivuta hadi Utah. Mtu mzima aliruhusiwa mzigo wa kilo 8 hivi. Misafara mingi ilifika salama, na ni haki kusema hivyo kabla ya kusema lililofuata. Mwaka 1856 misafara miwili, ya James Willie na Edward Martin, ilichelewa kuondoka Iowa City hadi katikati na mwisho wa Julai. Mikokoteni ilikuwa imeundwa kwa mbao mbichi, ikapasuka kwenye hewa kavu. Walipofika Florence, mtu mmoja aliyeijua nyika, Levi Savage, aliwasihi wasubiri hadi mwaka ujao. Alishindwa kwa kura, na akaenda nao. Theluji iliwakuta Wyoming tarehe 19 Oktoba. Kati ya watu wasiofika 1,100 walioanza, zaidi ya 200 walikufa. Brigham Young alipopata habari mwanzoni mwa Oktoba alitaka magari ya uokoaji yatoke mara moja, na yalitoka. Bila hayo pengine wasingebaki wengi. Sijui hadithi nyingine ya njia hizi inayoonyesha kwa pamoja hivi uamuzi mbaya wa viongozi na ujasiri wa watu wa kawaida.

Waliokuwa njiani tayari, na Weusi waliokuwamo

Hakuna njia hata moja kati ya hizi iliyopita kwenye nchi tupu. Wapawnee, Walakota, Wacheyenne, Washoshone na wengine waliona nyasi zikiisha, nyati wakipungua na magonjwa yakiwafikia.

Oregon ina mfano ulio wazi. Mwaka 1847 surua iliyoletwa na wahamiaji iliwaua Wacayuse wengi karibu na misheni ya daktari Marcus Whitman. Tarehe 29 Novemba baadhi yao walimuua Whitman, mkewe Narcissa na watu wengine kadhaa. Wacayuse watano walinyongwa Oregon City mwaka 1850. Na Weusi? Serikali ya muda ya Oregon iliwapiga marufuku kuishi huko tangu 1844, na wapiga kura wakakubali katazo kama hilo kwenye katiba mwaka 1857. Lilifutwa kwenye maandishi mwaka 1926 tu. George Bush, mkulima Mweusi mwenye mali aliyefika na msafara wa 1844, alikwenda na wenzake kaskazini ya mto Columbia, wakaanzisha makazi ambayo leo ni Tumwater katika jimbo la Washington.

California ilikuwa mbaya kuliko zote kwa wenyeji. Walikadiriwa 150,000 hivi dhahabu ilipogunduliwa. Miaka 25 baadaye walibaki wapatao 30,000, kwa maradhi, njaa, kazi za kulazimishwa zilizohalalishwa na sheria ya 1850, na mauaji yaliyolipiwa na hazina ya serikali. Hata kwenye hadithi ya Donner, vijana wawili wenyeji, Luis na Salvador, waliotumwa na chakula kwenda kuokoa, walipigwa risasi ili waliwe. Upande mwingine, James Beckwourth, aliyezaliwa utumwani Virginia, ndiye aliyeivumbulia njia hii mojawapo ya mapito rahisi ya Sierra Nevada, na pito hilo lina jina lake hadi leo.

Njia ya Wamormoni inahitaji msomaji mwenye uvumilivu, kwa sababu waliodhulumiwa hapa wanageuka kuwa wadhulumu bila kuacha kuwa waliodhulumiwa. Bonde la Salt Lake lilikuwa mpaka wa Waute na Washoshone. Mapema 1850 wanamgambo wa Kimormoni waliwashambulia Watimpanogos karibu na Provo. Tarehe 11 Septemba 1857, kusini mwa Utah, wanamgambo wa Kimormoni wakisaidiwa na baadhi ya Wapaiute waliwaua wahamiaji wapatao 120 kutoka Arkansas waliokuwa wakienda California, huko Mountain Meadows. Anayeifuata njia hii bila kulijua tukio hilo amesoma nusu ya kitabu.

Na miongoni mwa wanaume 143 wa msafara wa kwanza, watatu walikuwa Weusi walio watumwa: Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby. Flake alikuwa kwenye kundi la mbele lililoingia bondeni kabla ya Young. Jane Manning James, mwanamke Mweusi aliyezaliwa huru Connecticut, alifika Septemba 1847, akaishi na kufa muumini mwaka 1908, akiwa ameomba mara kwa mara baraka za hekaluni na kukataliwa. Bunge la Utah lilihalalisha utumwa mwaka 1852, na kanisa lilizuia wanaume Weusi wasipate ukuhani hadi Juni 1978. Mwaka 2022 sanamu za hawa wanne zilizinduliwa katika This Is the Place Heritage Park, Salt Lake City, mlangoni kabisa mwa bonde. Ninazitaja kwa sababu mgeni anaweza kupiga picha mnara mkubwa wa zamani na kuondoka bila kuziona.

Cha kuona na cha kusoma

Kwa mtafiti, Wamormoni wanaongoza kwa kumbukumbu. Waliandika orodha za misafara, shajara, mahesabu ya mfuko, na kanisa limeweka mtandaoni majina ya wasafiri wa 1847 hadi 1868, yakipangwa kwa misafara yao. Mahali pengi panatunzwa na kanisa lenyewe: Nauvoo, kituo cha Winter Quarters kilicho kando ya makaburi ya wahamiaji, na Martin's Cove, Wyoming, ambapo mgeni anaweza kuvuta mkokoteni mwenyewe. Kuingia ni bure na wahudumu ni wakarimu. Ila ujue unasimuliwa na muumini. Kifo njiani kitaelezwa kama sadaka, na maswali kuhusu uamuzi wa viongozi itabidi uyaulize wewe.

Oregon imetunzwa zaidi na serikali na majimbo. Chimney Rock na Scotts Bluff ziko Nebraska, kivuko cha Three Island kiko Idaho, na kituo cha Flagstaff Hill karibu na Baker City kinatazama mitaro halisi bondeni. Usikose makumbusho ya Tamástslikt, karibu na Pendleton, yanayoendeshwa na Wacayuse, Waumatilla na Wawalla Walla wenyewe. Katika njia zote tatu sijui mahali palipo bora kuisikia hadithi kutoka kwa waliopitiwa.

California ina mandhari kali: City of Rocks, Idaho, yenye majina yaliyoandikwa kwa grisi ya ekseli, kituo cha maonyesho karibu na Elko, na mnara wa Donner karibu na Truckee, ambao kitako chake kina urefu wa mita 6.7 kuonyesha theluji ilivyofika. Shajara ni nyingi sana, lakini za wanaume zimezidi.

Muda, msimu na mfuko

Nauvoo hadi Salt Lake City ni kilomita 2,100 hivi. Siku tano au sita zinatosha bila haraka. Oregon na California kila moja inapita kilomita 3,000, tenga wiki moja na siku kadhaa. Zote ziendwe kati ya Juni na Septemba. Wyoming huangusha theluji Oktoba hadi leo. Jaza tangi kila unapoona kituo, beba maji, na pakua ramani kabla, kwani simu hupoteza mtandao kwa masafa marefu, hasa kuzunguka South Pass na Nevada.

Kwa hali yako

Ukiwa na siku mbili tu, usijisumbue kuchagua. Anzia Casper, Wyoming, simama Independence Rock, Martin's Cove na South Pass. Hapo umekanyaga njia zote tatu.

Kama wewe ni muumini wa kanisa hili, au una jamaa aliyejiunga nalo na unataka kumwelewa, njia ya Wamormoni ni yako. Ukiweza fika Salt Lake City tarehe 24 Julai, sikukuu ya jimbo yenye gwaride, na tenga saa moja kwa ajili ya sanamu za Flake na Jane James. Njia hiyo hiyo inamfaa aliyewahi kuyakimbia makwao na jamii yake yote, na mwanafunzi anayetaka nyaraka zilizopangwa vizuri.

Anayetaka kuelewa ardhi ya Marekani ilivyogawiwa, na nani alinyimwa, afuate Oregon. Mkazi wa Boise au Portland anaweza kuifanya vipande vipande kwa mwisho wa juma.

California inamfaa anayefuatilia historia ya uchumi na madini, mpenda jangwa na milima, na mwenye moyo wa kusoma habari nzito za mauaji ya wenyeji. Wenye watoto wadogo na gari lisilo na kipoza hewa wakiache kipande cha Nevada mwezi Julai, au wakivuke alfajiri.

Aliye Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu asiyekuwa na mpango wa kusafiri aanze na misafara ya Willie na Martin ya 1856, kwa sababu shajara zake zinapatikana bure mtandaoni na tukio lenyewe ni fupi kiasi cha kulimaliza. Kisha asome Mountain Meadows, mwaka mmoja baadaye, kabla hajagusa njia nyingine.